Jioni ya Kitabu Dukani: Ya Kufanya na ya Kutofanya

Miaka ya mwanzo ya duka letu la vitabu hapa Dar es Salaam, tulimwalika mtunzi wa mashairi kutoka Tanga. Mama mtu mzima, mwalimu mstaafu, aliyechapisha diwani yake kwa fedha ya kiinua mgongo. Alikuja na basi la asubuhi, boksi la vitabu arobaini likiwa miguuni pake. Tulikuwa tumetangaza saa kumi na moja jioni, na saa kumi na moja watu walikuwepo. Mgeni rasmi hakuwepo. Tukangoja. Alipofika saa moja kasoro robo zikaanza salamu, utambulisho, neno la mfadhili, neno la shukrani, kisha hotuba ya dakika arobaini kuhusu umuhimu wa kusoma. Mama alipopewa maiki viti vya nyuma vilikuwa vimeshabaki vitupu. Akaghani beti tatu, akaambiwa muda umekwisha. Usiku ule viliuzwa vitabu viwili, na kimoja nilinunua mimi. Alfajiri nilimbebea boksi mpaka kituo cha mabasi. Akaniambia, "Mwanangu, limekuwa zito kuliko nilivyokuja nalo."

Tangu siku hiyo nina masharti. Nayaandika kwa wenye maduka, kwa waandishi, kwa wasomaji, na kwa kila anayeombwa kuongoza shughuli. Atakayeyaona makali, ni makali kweli. Jioni ya kitabu ina kazi moja tu: mtu aingie akiwa hamjui mwandishi anayeishi naye nchi moja, pengine mtaa mmoja, atoke na kitabu chake mkononi na hamu ya kukifungua. Lisilosaidia kazi hiyo liondolewe kwenye ratiba.

Usiwe na mgeni rasmi. Mwandishi ndiye mgeni, na ndiye rasmi. Kiongozi akitaka kuja, karibu sana, aje kama msomaji: akae kwenye kiti kama wengine, asikilize, anunue, asimame kwenye foleni ya kusainiwa. Nchi hii imewahi kuwa na kiongozi wa namna hiyo. Mwalimu Nyerere, akiwa Ikulu, alipata muda wa kutafsiri Julius Caesar ya Shakespeare mwaka 1963, na mwaka 1969 akatoa Mabepari wa Venisi. Mtu anayeyapenda maneno kiasi hicho hahitaji kuandaliwa meza ya mbele. Asiyesoma, hata awe na cheo gani, asipewe maiki awahimize wenzake kusoma. Watoto wanasikia, na wanajua.

Anza saa uliyotangaza, hata kama wapo watu wanne. Ukiwangoja waliochelewa unawaadhibu waliowahi, na mara ya pili hao waliowahi hawatawahi tena. Wakazi wa jiji hili wanaijua foleni ya Barabara ya Bagamoyo na ya Morogoro; basi panga kwa kuijua. Mimi nachagua Jumamosi saa kumi alasiri. Watu wanakuwa wameshaswali alasiri, na magharibi ya Dar es Salaam huingia baada ya saa kumi na mbili, kwa hiyo unayo nafasi ya saa mbili nzima isiyomlazimisha mtu kuchagua kati ya swala yake na shairi. Anayekaa Mbagala au Chanika apate daladala ya kurudi kabla vituo havijatisha. Akina dada hasa wanaondoka mapema kwa sababu hiyo, halafu tunalalamika kwamba hawaji. Mwezi wa Ramadhani usiweke shughuli jioni kabisa: saa hiyo ni ya futari na ya familia.

Fanya dukani, katikati ya rafu. Ukumbi wa hoteli una zulia na viyoyozi, lakini hauna vitabu vingine. Wanaofika Soma, ule mgahawa wa vitabu wa Mikocheni, wanajua raha ya kumsikiliza mtu huku migongo ya vitabu ikikutazama. Aliyekuja kwa ajili ya mwandishi mmoja, macho yakizunguka, humwangukia mwingine. Viti thelathini vinatosha. Afadhali thelathini waliokuja kusikiliza kuliko mia mbili waliofuata soda.

Usitangaze jioni ya kitabu ambacho hakijafika. Nimewaona wasomaji wakiambiwa nakala ziko bandarini, au kiwandani, au zitakuja wiki ijayo. Hamu ya kitabu ni ya usiku ule ule. Wiki ijayo fedha hiyo itakuwa imeshakuwa ada, gesi au vocha.

Mtambulishe mwandishi kwa sentensi mbili. Usisome wasifu wake wenye vyeti, semina na safari. Tafuta jambo moja linalomfungulia msikilizaji mlango wa kitabu. Kama ungekuwa unamtambulisha Abdilatif Abdalla wa Mombasa, ingetosha kusema kwamba mashairi ya Sauti ya Dhiki aliyaandika gerezani kati ya 1969 na 1972, juu ya karatasi za chooni, kwa sababu hakuruhusiwa karatasi nyingine. Baada ya sentensi hiyo chumba chote kimenyamaza. Ukiongeza shahada na vyuo alivyofundisha, umekifungulia kelele upya.

Soma kitabu chote kabla ya kukaa na mwandishi mbele za watu. Hili nalisema kwa anayeongoza mazungumzo, na silipunguzi hata kidogo. Kitabu chote. Jalada la nyuma na utangulizi havitoshi. "Nini kilikusukuma kuandika?" ni swali la mtu ambaye hajasoma, na mwandishi analijua tangu neno la kwanza. Uliza kwa nini yule mtoto wa sura ya nne hakurudi tena kwenye hadithi. Uliza kwa nini ubeti wa mwisho umevunja kina ambacho beti zote zilizotangulia zimekitunza. Uliza neno fulani limetoka kijiji gani. Nakala yako iwe na vipande vya karatasi vilivyochomoza kwenye kurasa, na wasikilizaji wavione: kwao huo ni ushahidi kwamba kitabu kile kinastahili kukaliwa. Kama wiki imekubana hukumaliza, piga simu siku moja kabla, useme hukumaliza, kiti akipewe mwingine. Hakuna aibu katika hilo. Aibu ni kukaa pale ukimwuliza mtu aliyefanya kazi miaka mitano maswali ya dakika tano.

Mwache mwandishi asome. Hapa ndipo jioni nyingi zinapoharibika. Tunamwita mwandishi, tunamzungumzia, tunamhoji, tunampiga picha, halafu tunaagana bila kusikia sentensi hata tano za kitabu chake. Nusu ya muda wote iwe ya kusoma kwa sauti. Kama waandishi ni wawili, kila mmoja apate dakika kumi mwanzoni na dakika kumi mwishoni, mazungumzo yakae katikati. Wakizidi watatu, umeandaa mkutano, na watu watamkumbuka mmoja tu.

Nawe mwandishi, una wajibu wako. Usifike ukaanza kupekua kurasa mbele ya watu ukitafuta mahali pa kusoma. Chagua nyumbani. Si lazima iwe sura ya kwanza. Tafuta pale mtu anapotaka kitu na kuna anayemzuia, kwa sababu hata aliyeingia amechelewa ataelewa hapo bila kuelezwa. Soma kwa sauti chumbani, saa ikiwa mezani, mara tatu. Utagundua sentensi ndefu inayokukata pumzi, na utajua wapi pa kuvuta hewa. Usieleze hadithi nzima kabla ya kusoma kipande chake, na usitoboe mwisho. Simama. Inua kichwa kila baada ya aya. Ukikosea neno, lirudie bila kuomba radhi, uendelee. Chumba cha watu thelathini hakihitaji maiki. Umeme ukikatika, kama unavyokatika, hakuna kitakachoharibika ila feni.

Shairi lighaniwe. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa yalikaa vinywani mwa watu kwa miongo mingi baada ya kifo chake, ndipo yakaja kukusanywa na kuandikwa. Utendi ambao Mwana Kupona wa Pate alimtungia binti yake, Mwana Hashima, mwaka 1858, beti zake hukaa moyoni kwa sababu zinaingia kwa sikio. Lugha hii ilikuwa na jioni za fasihi barazani kabla haijawa na maduka ya vitabu. Kwa hiyo mshairi asiambiwe "soma tu haraka haraka." Mpe nafasi aghani kwa mahadhi yake, ya Tanga, ya Lamu au ya Unguja, maana mahadhi nayo ni sehemu ya mwandishi wa nyumbani.

Na usimwekee kinanda nyuma. Mstari wa shairi la kawaida una mizani 16, nane kwa nane, na ukimya mfupi pale katikati. Ukimya ule umepimwa. Mpiga kinanda asiyeujua atauziba kwa noti zake, na kina cha kati kitazama.

Mwaka uliofuata nilimwomba yule mama wa Tanga arudi. Alisita, nami nilistahili kusitiwa. Alikubali kwa sharti kwamba asiitwe "mama yetu mpendwa," aitwe mtunzi. Walikuja watu kumi na tisa. Alighani robo saa bila maiki, akapumzika, akaghani robo saa nyingine. Kijana aliyekuwa akipita na ndoo ya maji ya kuuza aliitua mlangoni akasimama mpaka mwisho. Nakala ishirini na nne zilinunuliwa, kwa sababu wengine walichukua mbili.

Usimvamie kijana kwa vina. Kezilahabi alipotoa diwani yake ya Kichomi mwaka 1974, wenye kushika mapokeo walisimama upande mmoja na wenye shairi huru upande wa pili, na mabishano yale yamezeekea vitabuni na madarasani. Yana heshima yake. Mimi mwenyewe naipenda mizani, na kitabu cha Amri Abedi cha sheria za kutunga, cha mwaka 1954, nakiuza kwa furaha kila kinapopatikana. Lakini kijana wa miaka ishirini anayesoma shairi huru mbele ya watu kwa mara ya kwanza, mikono ikimtetemeka, si mahali pa kumalizia ugomvi ulioanza kabla hajazaliwa. Msikilize. Kama hukupenda, mwambie baadaye, pembeni, ukiwa umeshika nakala uliyoilipia.

Usidharau riwaya za kusisimua. Tunapenda kuwaalika waandishi waliowekwa kwenye mtaala, kana kwamba mwandishi ni yule aliyetahiniwa. Nani aliwafundisha baba zetu kukesha na kitabu? Ni Muhammed Said Abdulla na mpelelezi wake Bwana Msa, tangu Mzimu wa Watu wa Kale wa mwaka 1960. Ni Elvis Musiba na Willy Gamba wake. Ni Ben Mtobwa, aliyeanzisha mwenyewe kampuni ya Heko ili vitabu vyake viwafikie watu. Vitabu hivyo vilisomwa vikapokezanwa mikononi mpaka majalada yakang'oka. Leo wapo vijana wanaoandika hadithi za mfululizo kwenye simu, na wasomaji wao wanangoja kila sehemu kwa hamu. Mtafute mmoja wao, umsaidie kupata mhariri, umlete dukani. Ukimwonea haya, unawaonea haya wasomaji wake, na hao ndio wasomaji uliokuwa ukilalamika kwamba hawapo.

Usimwite mwanamke kujaza kiti. Ukiwaweka wanaume watatu wanaoulizwa kuhusu sanaa, na mwanamke mmoja anayeulizwa kuhusu "changamoto za wanawake," umemtukana mbele ya watu. Penina Muhando alitoa tamthilia ya Hatia mwaka 1972 na Nguzo Mama mwaka 1982. Zainab Burhani alitoa Mwisho wa Kosa mwaka 1987. Wamekuwepo muda wote. Mwulize mwandishi mwanamke kuhusu muundo, lugha, mhusika na sentensi, kama unavyomwuliza kaka yake.

Jioni ya kitabu cha Kiswahili iendeshwe kwa Kiswahili. Nimeona mazungumzo mazuri yakigeuzwa Kiingereza katikati kwa sababu ameingia mgeni mmoja kutoka ubalozini. Watu ishirini na tisa wakaanza kutazama simu. Mgeni mwenyewe alikuwa amekuja kusikia Kiswahili! Mtafutie mtu wa kukaa naye amtafsirie kwa sauti ya chini, na shughuli iendelee.

Mwandishi wetu aliyeandika kwa Kiingereza naye ana haki ya jioni yake, lakini mfasiri awepo mezani na jina lake liwe kwenye tangazo. Abdulrazak Gurnah alizaliwa Zanzibar mwaka 1948. Paradise, riwaya yake ya mtoto anayetolewa kwao na baadaye kuingia bara na msafara wa biashara, ilitoka mwaka 1994. Tuzo ya Nobeli ikaja mwaka 2021. Wasomaji wa Kiswahili waliipata riwaya hiyo kwa lugha yao mwaka 2022, kwa jina Peponi, kwa kazi ya Ida Hadjivayanis, chini ya Mkuki na Nyota. Miaka 28 hadithi yetu ilikuwa nje ikisomwa na wengine. Hilo linaniuma, na ndiyo sababu sitaki kusikia mfasiri akitajwa kwa kupitiwa, mwishoni, kama aliyeleta viti.

Wataje waliokitengeneza kitabu. Mhariri, mchora jalada, mchapishaji. Mwaka 1972 Tanzania Publishing House ya hapa Dar es Salaam ilikitoa kitabu cha Walter Rodney, How Europe Underdeveloped Africa, kwa kushirikiana na Bogle-L'Ouverture ya London. Kitabu kilichozunguka dunia kina jina la jiji hili kwenye ukurasa wake wa mwanzo, na watu wanapita mitaa yake kila siku bila kuambiwa. Waambie.

Swali liwe swali. Kila ukumbi una mtu anayeinuka na kusema, "Mimi sina swali, nina mchango." Mwongozaji, hapo kazi yako inaanza. Kama maiki ipo, usiiachie, ishike wewe, mwulizaji aongee ikiwa mkononi mwako. Akipita dakika moja, mkatize kwa adabu. Kwa mzee utasema, "Shikamoo mzee wangu. Tunaomba swali lako, wenzako nao wanasubiri." Ataitikia marahaba, atacheka kidogo, atauliza. Sijawahi kumwona mzee aliyekasirika kwa kuombwa hivyo. Niliowaona wamekasirika ni vijana waliokaa nyuma na mikono juu nusu saa. Swali la kwanza umpe mtu wa safu ya nyuma kabisa. Usimruhusu yeyote amwulize mwandishi anaingiza kiasi gani, wala kama mhusika fulani ni mke wake.

Na wewe msomaji ambaye hujasoma kitabu, usikikosoe. Umekuja kukijua. Uliza.

Weka simu mfukoni mwandishi anaposoma. Picha zipigwe dakika mbili za mwanzo, basi. Mwandishi akiinua kichwa akute nyuso.

Bagia na kahawa vikae mbali na meza ya vitabu, na viliwe mwishoni. Mafuta ya bagia hayatoki kwenye karatasi. Weka maji ya kunawa na leso.

Tandika mkeka kwa ajili ya watoto, mbele, na mmoja wao asome. Ukurasa mmoja, kitabu cha mwandishi wa hapa, kabla ya wakubwa. Mzazi aliyeambiwa asije na mtoto hatakuja.

Usiombe nakala ya bure. Sasa tunafika kwenye fedha, na hapa sitaki kubembeleza. Rafiki wa mwandishi anafika amechangamka, anamkumbatia, anasema, "Hongera sana! Yangu iko wapi?" Mwandishi anatabasamu kwa uchungu na kuingiza mkono kwenye boksi. Nakala hiyo imemgharimu karatasi, wino, uchapaji na nauli. Kama amechapishwa na kampuni kwa mrabaha wa asilimia 10, kitabu cha shilingi 15,000 kinamletea shilingi 1,500 tu. Ukichukua kimoja bure, hujui unakula jasho la vingapi. Harusi yake ulimchangia. Msiba wake ulimchangia. Kitabu kimemchukua muda mrefu kuliko maandalizi ya harusi yoyote, nawe unataka kukichukua kama kipeperushi? Rafiki na ndugu ndio wawe wa kwanza kwenye foleni ya kulipa, na walipe bei iliyoandikwa.

Kama kweli huna fedha siku hiyo, mwambie mwenye duka akuwekee. Duka linalojiheshimu litakuandikia jina lako kwenye karatasi, liichomeke kitabuni, na likungoje mpaka mwisho wa mwezi. Wanafunzi wawili wanaweza kuchanga wakanunua kimoja, wakapokezana. Hayo yote ni halali na yana heshima.

Usipige picha kurasa, na usirushe PDF kwenye kundi. Nasikia watu wakisema wanaeneza elimu. Wanaeneza mali ya mtu. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inailinda kazi ya mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Kezilahabi alifariki Januari 2020. Kwa hesabu hiyo riwaya yake ya Rosa Mistika, iliyotoka mwaka 1971, ina wenyewe mpaka mwaka 2070. Anayerusha faili usiku, akidhani anamsaidia mwanafunzi, anamfundisha mwanafunzi huyo kwamba kuandika ni kazi ya bure, na huyo mwanafunzi huenda ndiye angekuja kuwa mwandishi. Mkiona faili ya kitabu cha mtu wa hapa kwenye kundi lenu, semeni. Mtu mmoja akisema, wengine wanne wanaona haya.

Saini kwa utaratibu. Meza ya kulipia iwe kwanza, meza ya kusaini ifuate. Mwandishi aulize jina na namna linavyoandikwa, aandike tarehe na mji. Asikimbizwe. Mwenye haraka kwa sababu ya cheo chake asipitishwe mbele. Aliyesimama mwisho wa foleni ndiye mara nyingi anayetaka kusema neno moja ambalo mwandishi atalala nalo.

Warudishe walionunua baada ya mwezi mmoja. Siku ya kwanza watu wanasikia. Siku ya pili wameshasoma, na mazungumzo ni mengine kabisa. Tangaza tarehe hiyo kabla hawajatawanyika, uiandike kwa kalamu kwenye kipande cha karatasi ndani ya kila nakala unayouza. Wakija wanane, kaa na wanane hao mpaka giza liingie.

Lipa asubuhi inayofuata. Hili ni la kwetu wenye maduka, na wengi wetu tumeanguka hapa, mimi nikiwemo. Vitabu vya mwandishi anayejichapishia huingia dukani kwa mali kauli: analeta mzigo, tunauza, tunamlipa. Mali kauli ni neno zuri, kwa sababu linasema wazi kwamba kilichotolewa dhamana ni kauli ya mtu. Basi kauli yako itunze. Asilimia ya duka mkubaliane kabla ya mzigo kushuka, iandikwe, na isibadilike baada ya mauzo kuwa mazuri. Nakala zihesabiwe na watu wawili, wewe na mwandishi, ziingizwe kwenye daftari, wote mtie saini. Fedha zake usizichanganye na za pango. Ukiziazima Jumatatu kulipia umeme, Ijumaa utaanza kutopokea simu zake, na mwandishi asiyepokelewa simu hatakuletea kitabu cha pili, wala hatawaambia wenzake wakuletee cha kwanza. Kabla ya saa sita mchana kesho yake mtumie fedha kwa simu, na ujumbe wenye hesabu yote: nakala zilizoingia, zilizouzwa, bei, sehemu ya duka, sehemu yake. Nauli yake ya kuja na kurudi ilipwe na duka, nje ya hesabu hiyo. Kama ametoka mbali, alale mahali penye neti na maji.

Vitabu vilivyobaki vihesabu mbele yake. Akitaka vibaki dukani, viweke rafu ya karibu na mlango, usawa wa macho, jalada likitazama watu, na umwandikie tarehe ya kuja kuviulizia. Akitaka kuondoka navyo, vipange mwenyewe, funga boksi kwa kamba, ulibebe wewe mpaka kwenye basi, na usiondoke kituoni mpaka basi limeondoka.